Sikulala, Nilipitiwa

Kila baada ya muda, sisi tunaoandika hapa Nairobi huanza tena ule ubishi wa ati Kiswahili ni maskini wa maneno. Mtu anataja neno la Kiingereza, anakuuliza Kiswahili chake ni nini, ukisitasita kidogo tu ameshinda. Siku hizi mfano unaopendwa ni usingizi mdogo. Kiingereza, tunaambiwa, kina "nap", "doze", "snooze", "drowse", "slumber", "kip", "catnap", "nod off" na "forty winks". Na nyinyi mna nini? Kusinzia. Imeisha hiyo.

Mimi naona hesabu hiyo ni ya duka. Mtu amehesabu bidhaa kwenye rafu bila kuuliza ni nani anaruhusiwa kuzinunua. Na hili la usingizi si mchezo wa wasomi, kwa sababu katika mitaa ninayoijua, Kibera na Kawangware, neno ambalo mtu anapewa kwa dakika kumi alizofumba macho linaweza kumtoa kazini.

Tuyaangalie basi maneno yenyewe, maana hayalingani hata kidogo. "Nap" ni mzee wao, liko katika Kiingereza kwa zaidi ya miaka elfu moja. Lina kitanda ndani yake, au angalau kochi. Ni kitu unachoamua. Kwa Kiingereza mtu huchukua nap, huidaka, huiiba. Usingizi uko mkononi mwake kama kikombe cha chai. Inahesabika pia: moja, mbili. Mtoto wa Lavington ana saa yake ya nap kwenye ratiba ya nasari. Dada anayemlaza ametoka Kawangware kwa miguu asubuhi, na akifumba macho kwenye kiti mchana huo huo, chumba hicho hicho, hakuna atakayesema naye alikuwa na nap yake. Atasemwa alikuwa amelala.

"Doze" halihitaji kitanda, ni neno la kiti, la mahubiri marefu, la mzee na gazeti lake. "Forty winks" ni kupepesa macho mara arobaini, utani wa watu wenye nafasi ya kufanya utani na usingizi wao. "Snooze" lilionekana kwenye maandishi mwishoni mwa miaka ya 1700 likiwa neno la mtaani, la kundi lile la maneno ambayo wahuni wa wakati huo walikuwa wakiongea kati yao. Yaani lilikuwa Sheng ya kwao. Leo ni kitufe kwenye simu, na ukifikiria vizuri, kitufe hicho kimetengenezwa kwa mtu ambaye akichelewa kazini dakika tisa hakuna geti litakalofungwa usoni mwake.

Ninalolipenda zaidi ni "kip". Katika karne ya 18 lilikuwa na maana ya danguro. Baadaye likawa nyumba za kulala za bei ya chini, zile ambazo maskini wa mjini alilipia kitanda cha usiku mmoja, halafu likawa kitanda chenyewe, na mwisho likawa usingizi unaolalwa hapo. Neno zima limepanda ngazi kutoka mahali pabaya hadi kuwa neno la mzaha ambalo hata wakili anaweza kulitumia. Sijaona mtu wa Kawangware akipandishwa ngazi namna hiyo.

Halafu kuna "siesta", ambalo Waingereza waliliazima kwa Wahispania, na Wahispania walilitoa kwenye Kilatini: saa ya sita. Warumi walianza kuhesabu saa za mchana kutoka jua linapochomoza, kama tunavyofanya sisi mpaka leo, kwa hiyo saa yao ya sita ilikuwa saa sita yetu, jua likiwa utosini. Mwingereza akisema siesta anataja saa sita mchana kwa hesabu ambayo mama mboga wa Toi Market anaielewa kumliko yeye.

Wa mwisho kuzaliwa ni "power nap", neno linalohusishwa na James Maas, mwanasaikolojia wa chuo kikuu cha Cornell kule Marekani. Hapo usingizi umepewa koti na tai. Huo haulali kwa uchovu, unalala kwa faida ya kampuni. Shirika la anga za juu la Marekani, NASA, liliwahi kufanya utafiti juu ya marubani wa safari ndefu: wakapewa nafasi ya dakika 40 ya kulala kwenye kiti chao, ndege ikiwa hewani na wenzao wakiiendesha, nao wakalala kama dakika 26 kwa wastani. Wakaamka wakiwa macho zaidi kuliko wale ambao hawakulala. Ni utafiti mzuri na siupingi. Ila ona jina. Usingizi wa rubani kazini ukaitwa mapumziko yaliyopangwa. Wa mlinzi wa geti, ambaye hana abiria hata mmoja, unaitwa "sleeping on duty", na jina hilo tayari ni hukumu.

Sasa turudi nyumbani. Si kweli kwamba tuna kusinzia peke yake. Kuna mang'amung'amu, ile hali ya kati ambapo unasikia redio ya jirani lakini huwezi kusema ilikuwa inasema nini. Kuna kailula, usingizi wa mchana, neno lililotufikia kutoka Kiarabu na ambalo Waislamu wanalijua vizuri, kwa kuwa kwao kupumzika hivyo kuna sifa ya kidini. Kuna usingizi wa pono, ambao ni kinyume cha haya yote, ule wa kulala kama yule samaki. Kuna lepe. Lepe ni kipande kidogo kabisa cha usingizi, na ajabu ya neno hili ni kwamba karibu kila mara linakuja na kukanusha: sikupata hata lepe la usingizi. Hujasikia mtu akisema jana nilipata malepe mawili matamu. Tulilitunga jina la usingizi mdogo kuliko wote ili tuseme kwamba huo pia tumeukosa.

Na hapa Nairobi tumeongeza letu, kausingizi. Walimu wa Kiswahili hawalipendi, watakwambia udogo kwa Kiswahili sanifu ni ki-, ka- ni ya Kikuyu na Kiluhya na jamaa zao. Sawa, lakini nani amewahi kusema "kijisingizi"? Panda 46 kutoka tauni saa mbili usiku, au namba 8 ya Kibera, uone kausingizi ni nini. Kichwa kiko kwenye dirisha, mkono umefunika mfuko wenye simu, mdomo wazi kidogo. Makanga anagonga bodi mara mbili kabla ya stage, na mtu huyo huyo, ambaye ungeapa amekufa, anasimama, anashuka, wala hakupitishwa hata hatua moja. Watu wanasema Nairobi haisinzii. Inasinzia sana, ila kwenye gari, kwa sababu hapo ndipo pekee hakuna anayemdai kitu.

Lakini tofauti kubwa haiko kwenye orodha, iko kwenye sarufi. Kwa Kiingereza mtu huchukua nap. Kwa Kiswahili usingizi ndio unaofanya kazi. Usingizi ulimchukua. Ulimwiba. Ulimshika, ukamzidi. Kinairobi, ulimbeba. Na lile ninalotaka tulisikilize kuliko yote: alipitiwa na usingizi. Mtu alikuwa amekaa mahali pake, macho kodo, usingizi ukaja na njia yake ukampitia, kama vile gari linavyopita stage, ukaenda zako. Neno hilo hilo, kupitiwa, tunalitumia kwa kusahau. Nimepitiwa, samahani. Anayelisema anakubali kwamba kitu kilitokea, na papo hapo anasema kwamba hakukipanga.

Hapo ndipo kesi ilipo.

Kibera ilianza kama makazi ya askari. Wanubi waliotumika katika jeshi la King's African Rifles waliwekwa pale mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lenyewe linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Zaidi ya miaka mia moja baadaye mtaa huu, pamoja na Kawangware, bado unatoa askari, tofauti ni kwamba bunduki imekuwa rungu na tochi, na kinacholindwa ni magorofa ya Kilimani na majumba ya Lavington. Neno letu askari linawabeba wote. Mtaani tunawaita soja.

Shifti ya usiku kwa wengi ni saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Anayekaa Gatwekera au Laini Saba anatembea kwenda na kurudi, maana nauli ya kila siku ni mboga ya kila siku. Akishavua viatu mabati yameanza kupata joto. Jirani anachomelea mlango wa chuma, wa pili ana spika, watoto wako nje, treni inapita na honi yake. Huyo ndiye mtu ambaye jioni atarudi kwenye kiti cha plastiki getini, kwenye baridi ya Julai, na atakiwe awe macho saa kumi usiku. Sihitaji utafiti wa NASA hapo.

Mwaka jana mzee mmoja tunayepangisha ploti moja Kawangware alinigongea mlango na karatasi. Mimi huandika barua za watu, sivii, maombi ya basari, chochote. Nililiacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, lakini kwenye ploti cheo hakikushuka, bado naitwa mwalimu. Karatasi ilikuwa ile barua ya kutakiwa kujieleza, ambayo watu wa ofisi huita "show cause". Ilisema, kwa Kiingereza, kwamba supavaiza alimkuta akilala kazini saa kumi na dakika kumi usiku, na kwamba ana saa 48 kueleza kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua.

"Mzee, ulikuwa umelala?" nikamuuliza.

"Sikulala, mwalimu. Nilipitiwa tu."

"Kama dakika ngapi?"

"Sasa nitajuaje? Ningejua dakika ningekuwa macho."

Nilicheka, naye akacheka kidogo, halafu tukaanza kazi. Na hapo ndipo nilipouona ule utajiri wa Kiingereza kwa karibu. Kila neno nililolishika lilikuwa linamzamisha. "I slept" ni kukiri. "I took a nap" ni mbaya zaidi, ni kama alitandika blanketi. "I snoozed", atachekwa. "I nodded off" lina upole fulani, lakini ni neno la mtu aliyezembea kwenye mkutano, mtu mwenye mkutano. "I dozed off" nililiandika, nikalisoma kwa sauti, nikalifuta. Kwa sikio la ofisi ya Nairobi doze ni ya mwanafunzi darasani, na mwanafunzi anayedoze huchapwa. Nikajaribu "I was overcome by sleep". Hilo lilikuwa karibu, lakini likasikika kama Biblia, na mzee mwenyewe aliponiomba nimsomee akatikisa kichwa: "Hiyo si mimi naongea."

Maneno tisa, kumi, na hakuna hata moja lililoweza kusema kitu ambacho yeye alikisema kwa pumzi moja mlangoni.

Kwa hiyo tuliandika kwa Kiswahili. Hatukuwa tunafanya ujeuri. Katiba ya 2010, ibara ya 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena mojawapo ya lugha mbili rasmi. Nakubali kwamba ibara hiyo inaisema serikali kuliko kampuni. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamsema mwajiri moja kwa moja: kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, ni lazima amweleze sababu kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa, mbele ya mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama, na amsikilize. Kifungu cha 44 nacho kinaorodhesha makosa makubwa yanayoweza kumtoa mtu kazini papo hapo, na kwenye kazi isiyofanywa kinazungumzia mambo mawili: mtu aliyeacha kazi yake kwa makusudi, au aliyeifanya kwa uzembe. Soma tena hayo mawili ukiwa na neno kupitiwa mdomoni. Makusudi halimo. Uzembe, unaweza kubishana, lakini neno lenyewe linapinga. Aliyepitiwa alikuwa amekaa pale pale alipowekwa. Sheria imeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kimewajengea wanaolala milango miwili tu. Mzee alikuwa amesimama kwenye mlango wa tatu.

Majibu yalikuja baada ya wiki moja na nusu, kwa Kiingereza. Yalianza kwa kumshukuru kwa barua yake, kisha yakasema kwamba yeye mwenyewe amekiri alilala. "Admitted". Mtu fulani ofisini alikuwa ametafsiri "nilipitiwa na usingizi" kuwa "I slept". Akapewa onyo la mwisho na kuhamishwa lindo, akapelekwa mbali zaidi, mahali ambapo kutembea haiwezekani.

Namlaumu nani? Nikimlaumu karani peke yake nitakuwa nimeonea mtu aliyefanya kile ambacho kamusi zimemzoesha. Kamusi zetu za lugha mbili hupanga neno kwa neno, hili kwa lile, doze kwa sinzia, sleep kwa lala, na hazina nafasi ya kusema nani ndiye mtendaji kwenye sentensi. Kupitiwa hufichwa chini ya kupita, kati ya kupitisha na kupitia, kama namna nyingine ya kitenzi. Mtunzi wa kamusi angefanya kazi ya maana kwa mistari miwili tu hapo: kwamba hili ni jina la usingizi unaomjia mtu akiwa kazini au safarini bila hiari yake, na kwamba halifai kutafsiriwa kwa kitenzi chenye mtu kama mtendaji.

Au tuseme wanataka Kiingereza. Haya, twende kwenye Kiingereza chao bora, kile wanachotundika vyuoni. Shakespeare ana walinzi waliolala, na anawalaza kwa njia mbili.

Ya kwanza iko katika Macbeth, ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1968 kwa jina la Makbeth. Walinzi wa chumba cha mfalme Duncan wanalala. Wanalala kwa sababu mke wa mwenye nyumba amewatilia dawa kwenye kinywaji. Mfalme anauawa, walinzi wanapakwa damu, majambia yanawekwa kando yao, na asubuhi Macbeth anawaua kabla hawajafungua mdomo, ati hasira zilimshinda. Hakuna anayewapa hata hizo saa 48. Ukisoma tamthilia hii ukiwa umekaa na soja utaona kwamba mauaji ya hao wawili, ambayo shuleni tuliyapita haraka tukikimbilia usemi wa Macbeth juu ya usingizi, ndiyo mambo ya kila wiki. Aliyemchosha mlinzi ndiye wa kwanza kumnyoshea kidole.

Ya pili iko katika Julius Caesar, ile ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri, ikatoka mwaka 1963, akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969 kama Juliasi Kaizari. Ni usiku, vita viko karibu, Brutus yuko hemani. Anamtazama Lucius, kijana wake wa kazi, anaona macho hayafunguki, na anasema hamlaumu. Kisha anatumia neno moja ambalo Kiingereza cha leo kimelitupa: "overwatched". Aliyekeshezwa kupita kiasi. Liangalie vizuri neno hilo. Linamtaja mtu kwa mkesha aliouvumilia, na usingizi wenyewe haliutaji kabisa. Ndilo nililokuwa nikilitafuta usiku ule na kalamu mkononi, na lilikuwa limekaa kwenye Kiingereza tangu enzi hizo, ila siku hizi ukiliandika kwenye barua ya kazi watadhani umekosea tahajia.

Brutus anaita askari wawili waje walale hemani mwake. Wao wanajitolea kusimama lindo, yeye anakataa, anawaambia wajilaze. Kisha anamwomba Lucius ampigie muziki kidogo kama bado ana nguvu. Lucius anapiga, anaimba, na katikati ya wimbo anapitiwa. Brutus anainuka, anakitoa chombo mikononi mwa kijana polepole kisije kikaanguka na kuvunjika, anarudi kwenye kitabu chake. Baadaye, mzimu wa Kaizari ukishakuja na kuondoka, anamwita. Lucius, akiwa bado kwenye mang'amung'amu, anajibu habari za nyuzi za chombo ambacho hakiko tena mikononi mwake. Brutus anamwamsha mara ya pili na kumuuliza kama alikuwa akiota, maana amepiga kelele usingizini. Hamuulizi kwa nini alilala.